Miezi nane na huduma ya taka ya mapipa matatu na kisanduku cha sindano, nasema yote

Watu kadhaa wameniuliza hii huduma ya kuzoa taka iliyoingia mtaani kwetu ikoje, inafaa au ni mapipa ya rangi tu ya kupendezesha geti, nkaona bora niandike mara moja nimalize. Nnayo miezi nane sasa. Jina la kampuni sitaji, kuna mahali nawasifia na kuna mahali waliniudhi sana, na ninachotaka mjue ni cha kuangalia siku mtu akija mlangoni kwako na huduma ya aina hii, iwe hawa au wengine.

Ukijiunga unaletewa mapipa matatu. La kijani ni la taka zinazooza, maganda na mabaki ya jikoni na majani ya uani. La bluu ni la taka kavu zinazorejelezwa, chupa, makopo, karatasi, maboksi. Jeusi ni la yale mengine yote yasiyo na pa kwenda, pampasi, pedi, vumbi la kufagia, mifuko iliyochafuka. Alaf ukiwaambia kuna mgonjwa nyumbani wanakuongezea kisanduku cha njano cha plastiki ngumu, hicho ndo sefti boksi ya sindano, na mfuko mdogo wa dawa zilizoisha muda. Mimi nlijiunga kwa ajili ya hicho cha njano tu, hayo mapipa nliyaona kama nyongeza.

Sababu ni hii. Mama ana kisukari, anajichoma insulini mara nne kwa siku, piga hesabu ni sindano kama 120 kwa mwezi, nyumba moja tu hio. Na miaka yote tulikua tunazitupa kwenye mfuko mweusi na taka nyingine, tunafunga fundo, tunaweka nje, basi. Siku moja kijana aliyekua anatuzolea taka zamani, kabla ya hii kampuni, aliukandamiza mfuko kwa kiganja ili apate nafasi ya kuweka mwingine juu, akavuta mkono kwa nguvu. Nlikua nimesimama mlangoni naona. Akaniangalia akauliza, "Dada, humu ndani mmeweka nini?" Damu ilikua inamtoka kwenye kidole. Hakua na glavu.

Tulimwosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, na jirani yetu ambae ni nesi akaja mbio akasema msikamue, mwacheni, muda wa kwenda kituo cha afya ni sasa hivi. Ndo siku nliyojua kwamba dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na zisizidi masaa 72, na kwamba hofu kubwa zaidi wala sio VVU ni homa ya ini B. Shirika la Afya Duniani linasema mtu akichomwa mara moja na sindano iliyotumika kwa mwenye maambukizi, uwezekano wa kuambukizwa homa ya ini B ni asilimia 30, homa ya ini C asilimia 1.8, VVU asilimia 0.3. Mama alikubali kupimwa siku ileile bila hata kuombwa mara mbili, akawa salama, yule kijana nae hakupata kitu. Lakini zile saa za kusubiri majibu, yeye amekaa kwenye benchi mama amekaa pembeni yake anamshika mkono anamwambia "mwanangu nisamehe", mpaka leo nkikumbuka naumia. Na alikua hajawahi kuchanjwa homa ya ini, wakati anashika taka za watu kila siku ya Mungu.

Kwa hio hawa wapya walivyokuja na karatasi zao za matangazo, swali langu la kwanza halikua bei wala ratiba. Niliuliza: vijana wenu wamechanjwa homa ya ini B, zile dozi zote tatu? Yule mama msimamizi akasema ndio, akaeleza na utaratibu wao mtu akichomwa anapelekwa wapi na nani analipa. Nkasaini palepale. Nawashauri na nyie muulize hilo kabla ya jingine lolote, kampuni ikibabaika kwenye hilo swali ujue hata hayo mapipa mazuri yanabebwa na mtu ambae hakuna anaemjali.

Sasa kisanduku chenyewe. Plastiki yake ngumu kweli, nimejaribu kuibonyeza kwa kidole gumba haibonyei. Mdomo wake una kifuniko cha kusukuma, sindano ikishaingia hairudi hata ukikipindua. Pembeni kuna mstari umechorwa kwenye robo tatu, ukifika hapo unafunga kile kifuniko cha mwisho ambacho kikishalia "ka" hakifunguki tena, unawatumia mesej, wanakuja na kipya wanaondoka na hicho. Usijaze zaidi ya hapo, maana watu wengi wanachomwa wakati wa kushindilia ya mwisho iingie. Na sindano usiirudishie kifuniko chake ukishachoma, unaidondosha kama ilivyo, hilo mama lilimchukua wiki mbili kuzoea kwa sababu miaka yote aliona kuifunika ndo usafi. Vile visindano vidogo vya kutoboa kidole wakati wa kupima sukari navyo vinaingia humohumo, watu wanavisahau wanaona ni vidogo.

Kasoro ya kile cha kwanza walichotuletea, kilikua hakina ule mkato kwenye kifuniko wa kung'olea sindano kutoka kwenye kalamu ya insulini, yaani kile kifaa cha kujichomea chenye umbo la kalamu ambacho sindano yake inazungushwa mbele. Mama macho yake yameshaanza kupungua na vidole havina nguvu ya asubuhi, akawa anahangaika kuizungusha kwa mkono, yaani tumeleta kisanduku cha usalama alaf anakaribia kujichoma yeye mwenyewe. Nlilalamika. Cha pili kikaja na mkato, unaingiza ncha unazungusha kalamu sindano inaanguka ndani, sekunde tatu. Kama mgonjwa wako anatumia kalamu kagueni hilo siku ya kwanza. Pia kitako chake chembamba, kinaanguka kirahisi, sisi tumekifunga kwa gundi ya pande mbili kwenye shelfu ya urefu wa kifua, mama anafika na watoto hawafiki.

Kwa ambao hamjafikiwa na huduma kama hii msisubiri. Chukueni dumu gumu la sabuni ya kufulia lenye kifuniko cha kuzungusha, andikeni kwa peni nene SINDANO HATARI, likifika robo tatu mfunge mzungushie selotepu mkaulize kituo cha afya au duka la dawa la karibu kama wanapokea. Chupa ya maji hapana, ni laini sindano inapenya. Chupa ya kioo hapana, itavunjika mikononi mwa mtu.

Dawa zilizoisha muda wanapokea mara moja kila miezi mitatu, na hapa walitukuta na mzigo, droo nzima, antibaiotiki nusu dozi, sirapu za watoto ambao sasa wako sekondari. Zamani tungezimwaga chooni. Yule msimamizi akatueleza mitambo ya maji taka haikujengwa kuchuja dawa, nyingi zinapita zinaingia mtoni, na antibaiotiki zikizagaa huko vijidudu vinajifunza kuzizoea. Wanataka uzilete kwenye paketi zake lakini ufute jina la mgonjwa, nlipenda hio, maana paketi ya dawa inasema siri nyingi za mtu. Tulikua pia na kipimajoto cha zamani cha kioo chenye zebaki, hicho wakakiweka kwenye kopo lake peke yake. Kumbe kuna mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, wa Minamata, wa mwaka 2013, umeitwa jina la mji wa Japani ambapo watu waliumwa kwa zebaki ya kiwanda. Wakatuonya kikivunjika ndani usifagie, ufagio unaisambaza na mvuke wake ndo unaovutwa.

Haya, mapipa. Wiki ya kwanza nliamua kupima kila kitu kwa mzani wa jikoni, tuko watu wanne, ikatoka karibu kilo tatu kwa siku. Baadae nkasoma Benki ya Dunia kwenye ripoti yao ya 2018 wanasema wastani wa dunia ni kilo 0.74 kwa mtu kwa siku, zidisha kwa nne unapata kilo 2.96, nkashangaa nyumba yetu ilivyo sawasawa na dunia. Na zaidi ya nusu ya uzito ilikua kwenye pipa la kijani. Yaani nusu ya mzigo tuliokua tunalipia upelekwe dampo ni vitu ambavyo vingekua mbolea, na vikifukiwa dampo bila hewa vinatoa methani, gesi ambayo kwa miaka 100 inapasha joto dunia karibu mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito huohuo.

Shida ya pipa la kijani ni ratiba. Mwanzoni walikua wanakuja mara tatu kwa wiki, poa kabisa, mwezi wa nne wakapunguza ikawa mbili bila kutuambia vizuri, tukapata funza. Funza kweli, juu ya kifuniko, na harufu mpaka sebuleni. Tumejifunza kuchuja maji kabla ya kutupa na kutandika gazeti chini, inasaidia, ila kwenye joto siku nne za taka mbichi ni nyingi, hakuna gazeti litakalokuokoa. Hapa wanapoteza wateja, nyumba mbili za ghorofa letu zimejitoa kwa ajili ya hilo tu.

Sasa siku walioniudhi. Ilikua asubuhi, niko baraza ya juu nakunywa chai, lori linafika. Lile lori lina vyumba viwili, kimoja cha mbichi kimoja cha kavu. Naona kijana anachukua pipa la kijani anamwaga, anachukua la bluu anamwaga CHUMBA KILEKILE. Chupa nilizoziosha, maboksi niliyoyakunja, mtoto wangu aliyekaa jioni nzima anabandua stika, vyote vikamezwa na yale maji ya taka mbichi. Nlishuka ngazi kwa ndala. Kijana akasema kwa upole tu, "Dada, mlango wa pili umekwama tangu jana, tumeambiwa tumalize ruti." Na nkamwelewa, yeye sio wa kugombezwa. Lakini ofisini nliandika mesej ndefu na nikasema wazi: mkituchanganyia hata mara moja watu hawatatenganisha tena, kwa sababu hakuna mtu anaosha chupa ili ikachafuliwe mbele ya macho yake, na mwezi ukiisha mtaa mzima utakua unawacheka wanaotenganisha. Ni bora msije kabisa siku hio mkatuambia lori bovu.

Walijibu baada ya siku tatu, muda mrefu sana huo, ila jibu lilikua la kiungwana, walikiri, hawakuleta visingizio. Na wakanialika kituoni kwao nione mzigo unakoishia. Nlienda na yule jirani nesi.

Hapo ndo nilibadilika mawazo kuhusu hawa watu. Kituo kinanuka, siwezi kudanganya, lakini kina mpangilio. Mbichi inaenda kwenye matuta ya mbolea ambayo yanageuzwa, ukisogeza kiganja unasikia joto. Kavu inapita kwenye meza ndefu, watu wanachambua, na baadhi yao ni walewale waliokua wanaokota chupa dampo, hilo lilikua linanisumbua tangu mwanzo maana nlijua huduma hii itawanyang'anya riziki. Wameajiri baadhi, sio wote. Mmoja aliniambia sa hivi anavaa buti na glavu na analipwa mwisho wa mwezi, ila wenzake wengi walibaki nje ya uzio. Msimamizi nlivyomwuliza kuhusu hao wengine hakua na jibu la kuniridhisha, akasema wanapanga. Kwenye hilo bado nawadai.

Visanduku vya njano vinaenda chumba cha peke yake chenye mlango wa kufungwa, pamoja na taka za zahanati ndogondogo wanazohudumia. Hawavichomi moto. Wana otoklevu, ni kama jiko la presha kubwa mno, mvuke wa nyuzi 121 kwa nusu saa, vijidudu vinakufa, alaf mashine nyingine inasagasaga sindano na kisanduku chake vikawa vipande ambavyo havimchomi mtu. Jirani yangu alifurahi mpaka akapiga picha. Akaniambia alipokua anafanya kazi zamani taka zao zilichomwa kwenye shimo nyuma ya jengo, moshi mweusi unaingia wodini, na plastiki ikichomwa kwa moto mdogo inatoa sumu za dayoksini, tanuri la kuchoma taka hizi salama linatakiwa lifike nyuzi 850 mpaka 1100 na liwe na vichujio vya moshi. Shimo la nyuma ya jengo halifiki popote karibu na hapo.

Akasema na kitu kingine ambacho sikukitegemea. Watu wanadhani taka zote za hospitali ni hatari, kumbe kama asilimia 85 ni za kawaida tu, makaratasi, maboksi, mabaki ya chakula, ni asilimia kama 15 ndo zenye vijidudu au kemikali au mionzi. "Shida ni kwamba ukitupa bandeji moja ya damu kwenye pipa la karatasi," akasema, "pipa zima linakua la hatari, unalipia kulitibu lote." Nkamwambia basi ni yaleyale ya mfuko wetu mweusi, sindano moja imeugeuza mfuko mzima. Akaitikia kwa kichwa.

Ukutani pale kwenye meza ya kuchambulia wamebandika picha kubwa ya ile alama ya mionzi, mapanga matatu meusi kwenye njano, chini imeandikwa UKIONA HII USIGUSE, ITA MSIMAMIZI. Nlidhani ni ya kujionyesha tu. Nesi akanikumbusha Goiânia, Brazili, 1987, kliniki ya mionzi iliyohamishwa ikaacha mashine yake ya zamani kwenye jengo tupu, waokota vyuma wakaichukua wakaiuza, ndani kulikua na unga wenye mionzi unaoitwa cesium 137, unaong'aa bluu gizani, watu wakagawiana kwa kuupenda ule mwanga, watoto wakauchezea. Watu wanne walifariki, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya laki moja ikabidi wapimwe. Na ilianza na mashine moja tu iliyotelekezwa bila mtu wa kuulizwa. Sasa kampuni inayomfundisha mchambuzi wa chupa alama ile, mimi naiheshimu.

Niseme na hili la majirani. Mtaa wetu unakua kwa kasi, penye nyumba sita sasa kuna maghorofa, na nyumba za nyuma lori halipiti wanatumia mkokoteni, ambao kiukweli unafika kwa wakati kuliko lori. Wapo majirani wanasema kutenganisha ni mambo mapya ya kuigiza. Hapana. Paris mwaka 1883 mkuu wa jiji, Eugène Poubelle, aliagiza kila mwenye nyumba aweke vyombo vitatu, cha taka zinazooza, cha karatasi na vitambaa, cha vioo na vigae. Watu walimchukia kweli, wakaliita pipa la taka kwa jina lake, na mpaka leo Wafaransa wanaliita hivyohivyo. Kwa hio malalamiko ya ghorofa letu ni ya zamani sana, ila na pipa nalo ni la zamani.

Nikiwapa maksi: kisanduku cha njano na utaratibu wake tano kwa tano, hicho hata kama ningelipia peke yake ningelipa. Usalama wa vijana wao tano, kila mara nimewaona na buti na glavu nene, sio zile za mpira mwembamba. Dawa zilizoisha muda nne, kila miezi mitatu ni mbali kwa nyumba yenye mgonjwa. Pipa la bluu tatu, tangu ile siku ya lori sijaona wakichanganya tena na nachungulia kila wakipita, ila imani ikishatikisika inarudi taratibu. Pipa la kijani mbili mpaka warudishe ile siku ya tatu. Kujibu mesej mbili.

Na betri. Betri za simu na za kile kipima sukari cha mama hawana mahali pa kuziweka, wanasema "weka pembeni kwanza", na zile za lithiamu zikibanwa ndani ya lori zinaweza kuwaka moto. Nna kopo zima kabatini, ncha zake nimezibandika selotepu zisigusane, naendelea kuwauliza kila wiki. Wakinipa jibu ntarudi kuongeza hapa.

Kisanduku cha sasa kimefika mstarini jana jioni, mama amekifunga mwenyewe akaandika tarehe juu. Wanakuja Jumamosi kukichukua.